Mzigo wa Ghorofa ya Nne

Nilikuwa nimetoka kununua mkate tu. Mkate, mayai mawili ya kuchemsha na dumu la maji la lita tano, maana zile chupa ndogo za maji ni wizi wa mchana kweupe popote uendapo. Jua lilikuwa linazama, miguu inaniuma, na kichwani nina jambo moja tu: nile, nilale, kesho niwahi basi la bei rahisi.

Watu wakisimulia mambo haya husema mwili uliwasisimka mapema, eti walihisi kitu. Mimi sikuhisi chochote. Nilihisi njaa.

Mimi ni fundi wa mafriji. Miaka minne nilijinyima kila kitu nipate kuzunguka nchi za watu kwa miezi mitatu, peke yangu, begi moja mgongoni. Sina mfadhili, sina mjomba ng'ambo. Nilikuwa nalala kwenye vyumba vya vitanda vinane, nafua soksi kwenye sinki, nakula nimesimama. Ndege za bei ya chini zinaruhusu kilo saba tu, kwa hiyo nilinunua mizani ndogo ya kuning'iniza na kila asubuhi nilikuwa napima begi langu. Nilikata hata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito. Cheka tu. Wenzangu karakana walicheka mpaka wakanibandika jina la Gramu, na limenikaa.

Nyumbani nilimwacha mama. Ni mshonaji, alinilea peke yake kwa cherehani moja ya miguu, na katika maisha yake kuna kosa moja ambalo hakuwahi kunisamehe hata nikiwa mdogo: kumtazama mtu na mzigo wake na mikono yako mitupu. Kwa mama, mgeni hafiki mlangoni na begi lake. Mama anakuwa keshatoka nje, mikono mbele, "Lete nikupokee," salamu baadaye. Siku moja alimpokea begi la vifaa mtu wa umeme aliyekuja kutukatia umeme. Akamletea na maji ya kunywa.

Nimekuzwa hivyo. Kinywa changu kinasema lile neno kabla akili haijaulizwa.

Ile nyumba ya wageni ilikuwa jengo jembamba lenye dobi chini na vyumba vyetu ghorofa ya tatu na ya nne. Ngazi zake zilikuwa na taa ya kubonyeza. Unabonyeza kitufe ukutani, inawaka, ukihesabu hadi ishirini inazima, unabonyeza tena ghorofa inayofuata. Ubahili wa mwenye nyumba ulinifurahisha. Nilisema moyoni, huyu ni mwenzangu.

Nilibonyeza. Nikaanza kupanda.

Kwenye ghorofa ya kwanza nikamkuta bibi kizee anapanda. Alikuwa amejikunja hadi uso unakaribia magoti, na mgongoni amefunga furushi la kitambaa cha kijivu. Hatua moja, anapumua. Hatua moja, anapumua. Vijana wawili walikuwa wanashuka. Walipomwona walijibana ukutani kama wanampisha mgonjwa wa kuambukiza, na wote wawili wakaweka mikono nyuma ya mgongo.

Nikaona ni utovu wa adabu. Vijana wenye misuli, bibi wa watu anakufa na mzigo, wao wanaficha mikono. Mfanyakazi wa kike naye alichungulia toka ghorofa ya pili na rundo la mashuka, akatuona, akageuza akarudi alikotoka. Nikasonya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Lete nikupokee."

Alisimama. Taa ikazima.

Gizani nilisikia pumzi yake, halafu nikasikia pumzi nyingine, fupi fupi, kama ya mtoto mwenye mafua. Nikadhani ni yangu.

"Unanisemesha mimi?" alininong'oneza.

"Lete mzigo nikupokee, bibi. Unafika ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Sikusikii vizuri, mwanangu."

Nikajua masikio yake yamechoka. Nikainama karibu naye. Palinuka majivu yaliyomwagiwa maji... na maziwa ya mtoto, yale yaliyochachia kwenye nguo.

"Lete nikupokee."

"Haya," akasema. "Chukua. Umesema mwenyewe."

Nikampokea. Lilikuwa furushi jepesi, halizidi kilo tatu, na mimi na kilo tunajuana. Lilikuwa la moto kidogo. Nikalitupia mgongoni, dumu la maji mkono mmoja, mkate kwapani, nikatangulia. Nyuma yangu bibi alikuwa anapanda huku anacheka polepole, kicheko cha mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa. Nilifurahi kumsikia.

Ghorofa ya nne nikabonyeza taa, nikaligeuza furushi nilitue chini mbele ya mlango wa mwisho.

Kitambaa kilianguka bapa. Hamkuwa na kitu ndani.

Uzito ulibaki mgongoni.

Niligeuka. Bibi hayupo. Nilisikia miguu inashuka ngazi mbili mbili, mbio, miguu ya mtu mwepesi. Nikakimbilia dirisha la ngazini. Nilimwona anavuka barabara, mgongo umenyooka kama msumari, kiganja kimoja sikio hili na kingine sikio lile, kama mtu anayeogopa kuitwa. Hakutazama nyuma. Akakata kona.

Nikasimama pale na mkate wangu. Unajua nilifanya nini? Nilienda chumbani nikala. Nilijiambia ni uchovu, misuli imekaza. Yai la kwanza lilikuwa bado mdomoni ndipo likanijia.

Marahaba.

Alisema marahaba. Katika nchi ambayo kwa wiki tatu sikuwa nimekutana na mtu hata mmoja anayejua neno moja la Kiswahili, nilikuwa ninazungumza kwa vidole na kwa lugha ya kuungaunga, bibi yule alikuwa amenijibu kama mama mkubwa wa mtaani kwetu. Na mimi sikushtuka, kwa sababu lugha ya nyumbani ikikuingia sikioni inapita tu bila kubisha hodi.

Yai lilinikwama. Na hapo, kwenye shingo yangu, chini kidogo ya nywele, kitu kikapumua.

Kisha kikaanza kuimba kwa pua. Mmm... mmm... mmm. Wimbo hauna mwanzo. Jamaa aliyekuwa amejilaza kitanda cha chini alinyanyua kichwa, akanitazama, akasikiliza. Alikusanya blanketi lake na viatu vyake akahama chumba.

*

Asubuhi nilimfuata mzee wa funguo, yule anayekaa mezani karibu na mlango wa kuingilia. Aliponiona nashuka alisimama, akaweka mikono nyuma.

"Yule bibi ni nani?" nikamuuliza kwa lugha yetu ya kuungaunga.

Alitazama nyuma yangu, juu kidogo ya bega, akateremsha macho.

"Ulimwomba?"

"Nilimsaidia."

"Ulimwomba akupe." Alikuwa ananong'ona, na hapakuwa na mtu mwingine pale. "Hapa kwetu mtu hapokei mzigo wa mwenzake. Akianguka nao tunakaa karibu naye mpaka asimame. Hata mtoto mdogo anajua."

"Ni kitu gani hiki?"

"Babu yangu alisema ni mtu aliyeachwa njiani. Mama yangu alisema hakijawahi kuwa mtu. Mimi sijui, sijakibeba."

"Nitakituaje?"

"Hakituliwi. Kinapokelewa." Akatoa mkono mmoja nyuma, akanyanyua vidole vitatu, akaurudisha haraka. "Mwingine aseme mwenyewe, kwa hiari yake, mara tatu. Na wewe ukubali kuachia. Ukimwomba aseme, haikubali. Ukimlazimisha, haikubali. Yule mwanamke amepanda na kushuka ngazi zangu miaka ishirini na miwili akisubiri mgeni."



"Na nyinyi mlinitazama tu? Kwa nini hamkunionya?"

Mzee alinitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko maneno yake.

"Mlikuwa mnaongea lugha yenu," alisema. "Mfanyakazi aliwasikia, na wale vijana pia. Tulidhani mnajuana."

*

Sikumwamini. Nilipanda basi langu. Niliendelea na safari kana kwamba hakuna kitu, nikapiga picha za madaraja.

Kwenye mji uliofuata kulikuwa na duka la dawa lenye mizani ya kusimama. Mimi ni kilo sitini na moja, sijaongezeka wala kupungua tangu nimalize shule. Niliweka begi chini, nikapanda. Sitini na sita. Nikavua viatu, nikavua koti. Sitini na sita. Muuza dawa alidhani mizani ni mbovu, akapanda yeye, akapanda na mwenzake, wakatikisa kichwa. Baada ya siku mbili, mji mwingine, duka jingine, sabini na tatu.

Mimi niliyekata mpini wa mswaki.

Sikuweza tena kuegemea kiti. Sikuweza kulala chali wala ubavu, nililala kifudifudi na shingo imepinda, na chenyewe juu yangu kinaimba kwa pua. Kikinyamaza ndipo mbaya zaidi, maana kilikuwa kinanyamaza kusikiliza. Mtu akipita karibu, kinanyamaza. Mtu akinisemesha, napata pumzi ya moto sikioni... kinasubiri. Mtu akienda zake, kinaanza tena. Mmm... mmm.

Niliingia nyumba za ibada tatu, sikuchagua. Zote tatu walinipokea vizuri hadi nilipogeuka wakaona namna ninavyotembea. Wa kwanza alinisomea dua toka ng'ambo ya chumba. Wa pili alinipa mkate akauweka sakafuni. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, alilia pamoja nami, kwa kweli alilia, lakini mikono yake sikuiona hata mara moja. Daktari wa zahanati ya bure, kijana mgeni kama mimi, alinishika mgongo, akauondoa mkono kama aliyegusa pasi, akaandika dawa ya maumivu.

Nilikuwa nimebakiza siku tisa za safari nilipompokea yule bibi. Tikiti ya kurudi ilikuwa ya tarehe moja isiyobadilika, na kibali cha kukaa kinaisha siku hiyo hiyo. Sikuwa na mbele wala nyuma. Nikibaki, nitakuwa mtu wa ngazi za watu, nikisubiri mgeni mwenye adabu. Nikirudi, kuna mwanamke mmoja duniani ambaye atalisema lile neno kabla hata sijafika kizingitini, na atalisema mara tatu bila kuhesabu.

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Nilikuwa tayari kufa na mzigo huo mimi, kwa hasira tu. Lakini mama ana mwili mdogo, kilo hamsini akiwa ameshiba, na kifua chake si kizuri.

Siku ya sita nilikuwa kituo cha mabasi, nimekaa chini karibu na mizani ya vifurushi, naongea naye kwenye simu.

"Mbona sauti yako inatokea tumboni?" mama aliniuliza. "Umeinama?"

"Nimechoka tu, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Huyo anayeimba hapo ni nani?"

Nilikata simu. Nilipotazama juu, mbele yangu kulikuwa na viatu vya raba vyeupe na juu yake msichana wa chuo, begi la vitabu kifuani, meno yote nje kwa furaha.

"Jamani, kaka, nimekusikia unaongea. Miezi minane sijasikia mtu akisema nimechoka tu mama." Akacheka. Halafu akaniona vizuri. "Kaka, mbona umepinda hivyo? Unaumwa? Umebeba nini wewe? Lete nikupokee."

Kile kitu kikanyamaza.

Naapa nilitaka kumkataza, ulimi uligoma.

"Kaka? Lete bwana nikupokee, tukakae pale kwenye benchi."

Mbili.

Nilisikia uzito unajisogeza. Ulikuwa unapanda begani kuelekea kwake, taratibu, kama mtoto anayenyoosha mikono abebwe na mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza baada ya siku sita mbavu zangu za kushoto zilipata nafasi. Unajua raha ya mbavu kufunguka? Nililia. Yule dada akadhani nalia kwa kupata mtu wa nyumbani, naye macho yakamjaa, akainama, akanyoosha mikono yake miwili.

"Pole, kaka yangu. Le..."

"Toka hapa," nikamwambia. "Nani kakuambia mimi kaka yako? Nimekuomba msaada mimi? Kimbelembele cha nini?"

Mikono yake ikateremka polepole.

"Basi samahani," alisema kwa sauti ndogo. Alipofika mbali kidogo nikamsikia anasema peke yake, "Watu wengine, ah."

Uzito ulirudi wote kwa pamoja. Nilidondoka na uso chini, nikakaa pale hadi mfagiaji akaja kufagia pembeni yangu. Tangu siku hiyo sikuongea tena Kiswahili mbele ya watu. Nikipigiwa simu nazima. Niliona bora nikae bubu kuliko kumpata mwingine mwenye malezi kama yangu.

Siku ya nane nilimpigia mama mwenyewe.

"Mama, kesho kutwa nikifika, usinipokee mzigo."

Nilisikia cherehani inasimama.

"Usinipokee. Hata begi. Usiseme lile neno, mama. Niahidi."



"Haya, baba," akasema. "Nimekusikia. Wewe njoo."

Nina miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa namtaka mama. Sina sababu nyingine ya kurudi zaidi ya hiyo. Nikisema ilikuwa tikiti au kibali nitakuwa naongopa.

*

Uwanja wa ndege walipima begi langu. Kilo sita na nusu. Yule dada wa mizani akanisifu, akasema abiria wote wangekuwa kama mimi kazi ingekuwa rahisi. Nilipokaa kwenye kiti, kiti kililia.

Nilifika nyumbani jioni. Nilitembea toka barabara kuu nikiwa nimeinama, napita uchochoro wa nyuma nisionane na jirani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameweka mikono nyuma, amejishika mwenyewe, kifundo kwa kiganja, kwa nguvu. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Pita ndani, baba," alisema. Hayo tu.

Alitimiza ahadi. Nilimpenda pale kuliko siku yoyote.

Nilimsimulia yote. Alinisikiliza anavyomsikiliza mteja anayeelezea nguo anayoitaka, kichwa upande, anauliza pale asipoelewa. Mara tatu kamili? Lazima kwa hiari? Na wewe uachie, au hata ukisema "haya" inatosha? Nilijibu kila swali. Pumbavu mimi. Nilijua anaogopa, nilidhani anauliza kwa kuogopa. Kumbe alikuwa anachukua vipimo.

Kesho yake mchana, joto lilikuwa kali, nililala kifudifudi kwenye godoro chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa inakwenda. Nimelala na sauti ile tangu nikiwa mchanga, hakuna dawa ya usingizi inayoizidi. Nikazama.

Mkono ukanipapasa kichwani.

"Lete nikupokee."

Nikaota nina miaka saba. Nimetoka shule, begi la vitabu limenikata mabega, nimefika uani.

"Lete, baba, nikupokee."

Mama amekuja kunilaki na taulo begani, ananuka sabuni na mafuta ya cherehani.

"Lete nikupokee, mwanangu."

"Haya, mama," nikasema.

Niliamka nimelala chali.

Pumzi iliingia yote, mpaka chini kabisa. Nilitazama dari. Kwa siku kumi nilikuwa sijaona dari. Nilifurahi, na nalisema hili kwanza ili mjue mimi ni mtu wa namna gani. Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani, nikijinyoosha kwenye godoro, sijiulizi kitu.

Halafu nikasikia.

Mmm... mmm... mmm.

Sauti ilitokea kwenye cherehani.

Mama alikuwa amekaa kwenye stuli yake, paji la uso liko karibu na sindano. Kanga aliyojifunga mabegani ilikuwa inapanda na kushuka, na mama alikuwa amebana pumzi.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimekupokea," alisema. "Kaonje mchuzi kama chumvi imetosha."

"Lete nikupokee."

"Nini?"

"Lete nikupokee, mama. Lete nikupokee." Nilikuwa nimepiga magoti, nimekumbatia miguu yake, mikono yangu miwili imenyooka. Nilikuwa nimeshasema mara tatu, mara nne, nilisema mpaka sauti ikakauka. "Achia, mama. Sema haya. Sema tu haya."

Alicheka. Alinigonga kichwani kidogo kwa kidole chenye kifuniko cha chuma cha kushonea.

"Sina mzigo mimi," alisema. "Mwepesi sana huu. Kapumzike, umetoka safari."

*

Huu ni mwezi wa tano tangu anipokee. Kila asubuhi nasema mara tatu, kila jioni nasema mara tatu. Jibu ni lile lile, kapumzike. Nimelia, nimegombana naye, nimesusa chakula siku nne. Nilimletea mizani, akakataa kupanda, akasema yeye si gunia. Stuli ya kwanza ilivunjika, nikamchomea ya chuma, na hiyo ya chuma imeanza kupinda miguu.

Majirani wanasema nimerudi na kiburi cha ng'ambo, namfungia mama yangu ndani. Ni kweli nafunga mlango. Wanawake wa mtaa huu wamelelewa kama yeye. Lakini hata dirishani, mmoja akimwambia, "Dada, umebeba nini, lete nikupokee," mama anamjibu kabla hajamaliza, anamwambia asante, hapana, yeye hajachoka. Hamwachii mtu. Mimi, fundi mwenye mikono miwili mizima ya kunyanyua kompresa, nashinda nimekaa pembeni naishikilia mikono yangu.

Sasa hawezi kunyanyua uso. Nikitaka kumwona inabidi nijilaze sakafuni chini ya cherehani, nimtazame toka chini. Juzi nililala pale.

"Mama, utakufa," nikamwambia.

"Ndiyo, baba." Alikuwa anatabasamu. Jasho lake lilinidondokea shavuni. "Nitakufa nao. Mzigo huu utafukiwa na mimi, na huo utakuwa mwisho wake. Nimeshafikiria."

Kile kitu kilikuwa kimenyamaza. Kilikuwa kinasikiliza, pamoja nasi.

Amefikiria kila kitu, mama, isipokuwa njia ya kwenda makaburini. Ni ndefu, ina mlima, na jeneza hubebwa kwa kupokezana. Watakuja watu wa mtaa mzima, waliolelewa vizuri, kila mmoja anatoa bega lake, kila mmoja anamwambia mwenzake lile neno na mwenzake anajibu haya, mara tatu, mara kumi, hadi shimoni. Na yeye hatakuwa na mdomo wa kusema hapana.

Nimeanza kuwapitia wanaume wa mtaa huu mmoja mmoja, nikiwaomba kwamba siku hiyo wasije. Wananitazama kama mwendawazimu. Wanasema, kijana, kwa mama yako? Hilo hata usituombe, tutakuja wote.